Koti la Pikipiki kwa Baridi ya Timboroa: Maneno ya Fundi wa Nakuru

Mwendesha pikipiki akiniuliza koti zuri ni lipi, huwa anasubiri nimtajie kampuni, au nimwambie achukue lile nene kuliko yote. Simtajii. Mimi ni fundi cherehani hapa Nakuru, kibanda changu kiko hatua chache kutoka steji ya boda, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni makoti ya pikipiki: kubadilisha zipu, kurefusha mikono, kufumua bitana na kuirudisha. Nayajua makoti hayo kwa ndani kuliko wanaoyavaa. Koti likiletwa kwangu kwa sababu limemwacha mwenyewe akitetemeka njia nzima, mara nyingi nakuta kitambaa ni kizima. Kilichoshindwa ni mshono, au zipu, au ukosi, au mkono uliokuwa mfupi tangu siku ya kununuliwa. Upepo na maji hupita mlangoni, hayana haja ya kutoboa ukuta.

Kwa hiyo hapa nitakaa sana kwenye mishono na matundu, na vitambaa nitavipitia haraka.

Baridi unayoiendea

Nakuru mjini tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka hapa ukapita Salgaa, ukapanda Sachangwan mpaka Mau Summit, kisha ukashika barabara ya Eldoret, Timboroa utaikuta juu ya mita 2,700. Hewa hupoa kwa kadiri ya nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Asubuhi ya Julai ukiondoka mjini kukiwa na nyuzi 10, kule juu jiandae kukutana na 5.

Na hiyo 5 ni ya mtu aliyesimama kando ya barabara akinywa chai. Wewe unakwenda. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi katika nyuzi 5 hupoteza joto kama iliyo katika nyuzi 2 chini ya sifuri. Ukifikisha 80, ni kama 3 chini ya sifuri. Ndiyo maana mtu anaweza kuvaa sweta mbili na bado akafika Burnt Forest vidole vimegoma kushika breki. Sweta ina matundu kila mahali. Upepo unaingia, unatoa joto ulilolikusanya, unatoka nalo.

Ukichagua barabara ya Kericho badala ya Eldoret, shida yako inabadilika. Kule mvua ya alasiri ni jambo la kawaida, na milima ya Kericho na Nandi inajulikana kwa mvua ya mawe. Maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia, kwa hiyo nyuzi 14 ukiwa umelowa ni mbaya kuliko nyuzi 6 ukiwa mkavu. Halafu unateremka hadi Ahero na Kisumu, mita 1,130 hivi, na jasho linaanza kukutiririka ndani ya koti lile lile lililokuokoa saa mbili zilizopita.

Koti moja nene haliwezi kazi hizo zote. Linalokufaa ni mavazi matatu unayoweza kuyavaa na kuyavua: la ngozini lisilotunza jasho, la katikati linaloshika hewa ya moto, na la juu ambalo kazi yake ni kuzuia upepo na maji tu. Wengi huweka pesa zote kwenye lile la katikati kwa sababu ndilo linaloonekana la joto pale sokoni. Mimi ningeziweka kwenye la juu.

La ndani na la katikati

Haya ni rahisi. Fulana ya pamba acha nyumbani ukienda safari ndefu. Pamba ikilowa jasho hukaa na maji na kukugandamana mgongoni. Chukua fulana ya poliesta, zile za michezo, hata jezi ya mpira ya mitumba inatosha. Juu yake vaa sweta ya manyoya ya poliesta (fleece), ile nyepesi ya kuvimba, au sweta ya sufu halisi ukiipata. Sufu hata ikilowa hubakisha joto kiasi. Sweta ya pamba haibakishi kitu.

Jaketi za kuvimba zenye manyoya ya ndege ndani ni tamu kweli, lakini zikilowa manyoya hujikunja yakawa mabonge, na hapo hazina faida. Za kujazwa poliesta zinavumilia zaidi.

Jinzi ni pamba. Nalisema hili kila siku na kila siku naona jinzi. Kama huwezi kuiacha, vaa taiti ya poliesta ndani yake na suruali ya mvua juu yake kabla ya kufika Salgaa, usingoje matone.

Kuna wazee wa barabara wanaoweka gazeti au karatasi ya kaki kifuani chini ya koti. Usiwacheke. Karatasi inazuia upepo na inashika hewa, na kifua ndicho kinachopigwa kwanza. Shida yake ni kwamba ikilowa imekwisha, na hapo ndipo unakuta mtu anabandua habari za michezo kutoka kwenye shati. Wengine huvaa koti kinyume, zipu ikawa mgongoni. Nao nawaelewa: wanakimbia zipu inayopitisha upepo. Lakini koti limekatwa kwa mabega yanayoelekea mbele. Ukiligeuza linakukaba shingo na kukuvuta kwapani, na ukianguka hakuna anayeweza kulifungua haraka. Dawa ni kununua koti ambalo zipu yake ina kifuniko.

La juu: kaa chini kabla ya kulipa

Watu hulipima koti wamesimama mbele ya kioo, mikono imening'inia. Hakuna anayeendesha pikipiki hivyo. Mteja akija kwangu na koti jipya namkalisha kwenye benchi kama amepanda, miguu huku na huku, mikono mbele kana kwamba ameshika usukani. Hapo ukweli hujitokeza. Mikono ya koti inapanda hadi nusu ya mkono, mgongo unainuka hadi mkanda wa suruali unaonekana, na ukosi unajifungua mbele.

Fanya hivyo hivyo sokoni. Iwe Kibuye kule Kisumu siku ya Jumapili, iwe ni duka la hapa mjini, muulize mwenye bidhaa kama unaweza kukalia kiti. Vaa sweta yako ya safari ukienda kununua, si shati jepesi. Ukiwa umekaa na mikono mbele, mkono wa koti ufike kwenye kifundo na kukizidi kidogo. Mgongo ufunike kiuno chote na ubaki chini ya mkanda. Kisha geuza kichwa kushoto na kulia kama unayeangalia lori nyuma yako. Ukosi usikukwaruze wala usiachie nafasi ya vidole viwili kuingia. Inua mkono juu. Kama koti lote linapanda nao, limekatwa vibaya kwapani na hakuna fundi atakayekurekebishia kwa bei ya maana.

Lisiwe la kubana. Hewa iliyonaswa kati ya nguo ndiyo inayokupa joto, na koti linalobana huibana hewa hiyo ikaisha. Lakini lisiwe pia la kupepea. Koti linalopiga makofi kwa upepo linasukuma hewa ya moto nje kila linapopiga, na mishono yake huchoka mapema. Lenye mikanda ya kukaza kiunoni na kwenye mikono ya juu ni bora.

Sasa geuza ndani nje. Hapa ndipo ningependa ukae muda.

Cherehani hutoboa. Kila pigo la sindano ni tundu, na mshono wa begani peke yake una matundu mengi ya kutosha kupitisha maji. Koti la mvua la kweli huwa na utepe mwembamba, upana wa takriban sentimita 2, uliobandikwa kwa joto juu ya kila mshono upande wa ndani. Uguse. Ukucha ukiweza kuuinua pembeni, mvua nayo itauinua. Fuata utepe kutoka ukosini, begani, kwapani, hadi ubavuni. Watengenezaji wa bei rahisi hubandika mabegani tu, mahali mnunuzi anapoangalia, halafu kwapani na mifukoni wanaacha wazi.

Kwenye suruali ya mvua nenda moja kwa moja katikati ya miguu, pale mishono minne inapokutana. Nitakueleza kwa nini. Alikuja kijana mmoja wa kupeleka vipuri Eldoret, amebeba suti ya mvua mpya, amekasirika. "Mama, hii kitu inavuja yote." Nikamwuliza, "Ulilowa wapi kwanza?" Akafikiri, kisha akacheka kwa aibu. Nilipoigeuza, utepe ulikuwa umeshika vizuri kila mahali isipokuwa pale kwenye msalaba wa mishono, ambapo ulikuwa umeinuka upana wa kidole kimoja. Ukikaa kwenye pikipiki mvua inapiga tangi, inateremka, inafanya kidimbwi mbele ya kiti, na wewe umekikalia kidimbwi hicho kwa uzito wako wote. Maji yanasukumwa kupita pale. Kitambaa kingine chote cha suti ile kilikuwa hakina doa. Suti nzuri za pikipiki hukwepa jambo hili kwa kuweka kipande kizima cha kitambaa katikati ya miguu, mishono ikahamishiwa pembeni. Ukiona hivyo, hiyo nunua.

Swali lile nililomwuliza ndilo naliuliza kila mara: ulilowa wapi kwanza? Kifuani katikati ni zipu. Shingoni na kifuani juu ni ukosi. Tumboni ni mfuko uliojaa maji. Viwiko na mapaja kwa pamoja, hapo ndipo naanza kukishuku kitambaa.

Zipu, uzi, na nambari za kwenye lebo

Zipu ya mbele iwe pana. Zipu huitwa kwa nambari, na nambari hiyo ni takriban upana wa meno yake yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Nambari 5 ni ya sweta. Koti la pikipiki litake 8 au 10. Meno ya plastiki ni bora kuliko ya chuma kwa mtu wa mvua, chuma huota kutu kikagoma. Nyuma au mbele ya zipu kuwe na kifuniko cha kitambaa kinachofungwa kwa velkro au vifungo, na vikiwa viwili, kimoja ndani kimoja nje, bora zaidi. Juu kabisa, zipu inapofika kidevuni, kuwe na kijifuko cha kuificha isikuchome ngozi kwa baridi.

Jina lililochongwa kwenye kishikio cha zipu lisikudanganye. Kishikio ni kitu cha kubadilisha kwa koleo dakika moja, najua kwa sababu navibadilisha. Vuta zipu juu na chini mara kadhaa, polepole, ukiwa umelikunja koti kama mtu aliyekaa. Ikikwama mahali palepale kila mara, iache.

Uzi: tafuta ncha iliyobaki ndani, ikate, iwashe kwa kiberiti ukiwa mbali na koti. Poliesta na nailoni huyeyuka zikaacha shanga ngumu. Pamba huungua ikawa jivu. Uzi wa pamba kwenye koti la mvua huoza kimya kimya, na siku moja bega zima linafunguka ukiwa Mau Summit. Mapigo matatu au manne ya sindano kwa kila sentimita yanatosha. Mengi sana hukata kitambaa, kikachanika kwenye mstari kama karatasi ya stempu. Mabegani na viwikoni mshono uwe wa mistari miwili.

Nambari yenye herufi D kwenye lebo, kama 600D, ni uzito wa uzi uliofuma kitambaa: mita 9,000 za uzi huo zina gramu 600. Ikipanda, kitambaa kinavumilia zaidi. Nailoni huvumilia msuguano kuliko poliesta ya nambari ileile. Nambari ya milimita, tuseme 10,000, ni kimo cha maji ambacho kitambaa kilibeba kabla ya kupitisha tone. Yaani mita 10 za maji juu yake. Ni nambari nzuri, ila inahusu kitambaa peke yake. Haisemi chochote juu ya mishono, na ndiyo maana nimeanza na mishono.

Vitambaa, kwa kifupi. Suti ya plastiki ile ya kung'aa haivuji kabisa, lakini jasho lako nalo halitoki, na baridi kali huifanya ikakamae na kupasuka kwenye mikunjo. Kwa boda wa mjini anayeivaa dakika ishirini na kuivua, inamtosha. Nailoni iliyopakwa plastiki ndani ni nyepesi na inakunjika ndogo chini ya kiti. Makoti yenye utando wa kupumua, wa aina ya Gore-Tex na wenzake, huruhusu mvuke wa jasho kutoka bila kuruhusu matone kuingia. Ni ghali yakiwa mapya, lakini huangukia kwenye belo za mitumba. Ngozi inakulinda kuliko vyote ukiburuzwa kwenye lami, ila ikilowa ni mzigo, na huchukua siku kadhaa kukauka.

Kama unaniuliza mimi: koti la pikipiki la kitambaa kigumu lenye pedi za kukinga mwili ukianguka, na juu yake suti nyepesi ya nailoni yenye utepe kwenye mishono, kubwa kwa saizi moja. Sababu ni hii. Makoti mengi ya pikipiki huficha utando wa kuzuia maji ndani, karibu na bitana. Wewe hulowi, lakini kitambaa cha nje kinakunywa maji, kinakuwa kizito, na upepo unakipoza kikiwa kimekuzunguka. Suti ya juu inazuia hilo. Na ukifika Ahero kwenye joto unaivua, unabaki na koti.

Ukinunua mitumba

Mitumba ndiyo njia ya wengi, na kwa haki. Koti la Ulaya lililotumika vizuri linashinda jipya la bei ya chini. Nenda belo inapofunguliwa, kabla kamera, yaani zile nguo bora kuliko zote, haijachukuliwa, na uwe na simu yenye tochi.

Weka mdomo kwenye kitambaa, pulizia kwa nguvu, huku kiganja kikiwa upande wa pili. Ukihisi pumzi yako, upepo wa Timboroa utapita hapo kwa raha zake. Ingiza tochi ndani ya mkono wa koti, ukiwa mahali penye giza. Kila tundu la sindano lisilozibwa litaonekana nukta ya mwanga. Kisha sugua upande wa ndani kwa kidole gumba. Plastiki ya zamani hufikia umri ikaanza kunata au kubanduka vipande vipande, na mara nyingi ina harufu kali ya uchachu. Hiyo haifufuki. Haijalishi nje linang'aa kiasi gani, na mimi mwenyewe hukataa kulishona, kwa sababu mteja atarudi kunilaumu.

Maji yakitandaa juu ya koti badala ya kukusanyika matone, hilo si baya sana. Ile dawa ya nje ya kufukuza maji imechoka tu. Lioshe, likauke, ulipige pasi ya moto mdogo ukitanguliza kitambaa juu yake, kama lebo inaruhusu. Mara nyingi matone yanarudi.

Angalia mifuko ya pedi mabegani, viwikoni na mgongoni. Kwenye mitumba mara nyingi ni mitupu. Pedi halali za mikono na miguu huandikwa EN 1621-1, za mgongo EN 1621-2, na zina picha ndogo ya mtu juu ya pikipiki. Sponji laini inayobonyea hadi vidole vikutane si pedi, ni ya kukupa umbo la mwanamieleka. Koti lenyewe likiwa na lebo ya EN 17092, herufi zake zinakuambia ulinzi: AAA ndiyo ya juu, kisha AA, kisha A.

Shingo, mikono, miguu

Koti bora na shingo wazi ni kazi bure. Skafu ndefu sipendi, ncha yake ikifunguka inaitafuta cheni. Bora shingo ya kuvaa kichwani, bomba la kitambaa cha manyoya ya poliesta, ambalo mimi hulishona kwa mabaki ya sweta. Liingie ndani ya ukosi, lisikae juu yake, la sivyo linanyonya mvua na kuipeleka kifuani. Kamba zote zinazoning'inia kwenye kofia na kiunoni zikate au zifiche.

Glavu ziwe na kifundo kirefu. Mvua ikinyesha, mkono wa koti uwe juu ya glavu, maana maji yanateremka kutoka kiwikoni kwenda chini; ukifanya kinyume unajaza glavu kama kikombe. Glavu inayobana vidole huleta baridi zaidi, damu haipiti. Ile mifuko mikubwa inayofungwa kwenye usukani inasaidia kuliko glavu yoyote kwa sababu inazuia upepo kabla haujafika mkononi, lakini hakikisha mkono unatoka na kuingia bila kutafuta njia, na breki na klachi huzikosi.

Suruali ya mvua iwe juu ya gambuti, kamwe isiingizwe ndani. Mguu wa kulia uangalie sana: pikipiki nyingi za huku zina egzosi upande huo, na nailoni ikiigusa mara moja inayeyuka. Mimi hubandika kipande cha ngozi pale ndani ya mguu, au naweka mkanda wa velkro wa kuikaza.

Reflekta si hiari. Sheria ya Trafiki, tangu marekebisho ya 2012, inamtaka mwendeshaji na abiria wote wawe na helmeti na jaketi lenye reflekta, na kwenye ukungu wa Mau Summit hata bila askari ungeitaka. Ila usiniletee suti ya mvua nishone reflekta mgongoni. Nimekwishakueleza sindano inafanya nini. Nunua kizibao cha reflekta ukivae juu ya kila kitu.

Na abiria? Abiria wako anakingwa na mgongo wako, lakini magoti yake yako nje pande zote mbili. Mama aliyevaa sketi na leso kwenda Molo alfajiri anapigwa na baridi kuliko wewe. Suruali moja ya mvua ya ziada chini ya kiti haili nafasi. Ule mwavuli mkubwa wa boda uuache mjini. Kwenye barabara kuu, lori likikupita, unakuwa tanga.

Kulitunza na kulileta kwa fundi

Lioshe kwa maji baridi na sabuni kidogo, bila Jik na bila dawa ya kulainisha nguo. Usilikamue. Litundike kivulini kwenye hanga nene. Juani plastiki ya ndani huzeeka haraka, na jikoni juu ya makaa utepe wa mishono hubanduka wote kwa usiku mmoja. Zipu ipake mshumaa mara moja moja. Usilikunje likiwa limelowa ukaliacha chini ya kiti wikendi nzima.

Utepe ulioinuka kidogo uniletee mapema, hapo nauziba kwa gundi ya mishono na unashika. Ukiungoja uachie mstari mzima, itabidi tuvue bitana yote na gharama itakuuma. Tundu la cheche au la mwiba usilishone, hata kwa mkono: libandike kiraka kwa gundi, pande zote mbili, pembe zake uzikate mviringo zisiinuke. Zipu hubadilishwa, mikono hurefushwa, velkro iliyochoka ni kazi ya nusu saa. Koti ambalo mwenyewe ameanguka nalo na kuburuzwa nalichunguza kwanza. Mishono ya begani ikiwa imevutika, silirudishi barabarani hata akinibembeleza. Nalipasua. Zipu nazihamishia koti jingine, pedi tunazikagua kama hazijapasuka, na kitambaa cha mgongoni, ambacho huwa ndicho kizima kuliko vyote, kinatosha kabisa kutengenezea kifuniko cha kiti cha pikipiki.